Picha za Marehemu Mama na Pipa la Siku Sitini

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nilifundishwa na marehemu baba dukani kwake Kibokoni, Mombasa, nilipokuwa kijana wa kufunga sukari kwenye karatasi. Sikudhani hata siku moja kwamba ningeikumbuka nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nimesimama mbele ya kibanda cha fundi wa simu sokoni Ahero, jasho linanitoka, nikitafuta sura ya mama yangu ndani ya kijisanduku cha kioo.

Ahero, kwa msomaji asiyepajua, ni mji mdogo katika tambarare za Kano, mashariki ya Kisumu, penye njia panda ya kwenda Nairobi na ya kwenda Kisii. Mto Nyando hupita hapo ukielekea Ziwa Victoria, na kwa maji yake wakulima hupanda mpunga katika mashamba yaliyoanzishwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960. Mimi ni mtu wa pwani, lakini biashara ya mchele ilinivuta huku, nikaoa, nikajenga, na sasa imepita miaka ishirini na zaidi. Majirani zangu Wajaluo wananiita Mzee wa Mombasa, nami nimeridhika na jina hilo.

Lakini mto huohuo unaotulisha ndio unaotutoa majumbani. Mvua kubwa ikinyesha kule juu milimani, Nyando hufurika, na tambarare za Kano hugeuka bahari. Ndivyo ilivyokuwa katika masika ya mwaka 2024. Wiki ya mwisho ya Aprili, usiku, maji yaliingia nyumbani kwangu bila ya kubisha hodi. Tulibeba watoto, tukabeba magunia ya mchele tuliyoweza, tukakimbilia kwenye mwinuko. Kasha la marehemu mama lilibaki chini ya kitanda.

Ndani ya kasha hilo mlikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba picha sitini na nne.

Sanduku la mama

Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa thamani ya picha za zamani. Tangu enzi za wazee wetu, kwenda studio lilikuwa ni jambo la kutiwa manukato. Unguja palikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa watu walikwenda kwa N. V. Parekh, akawapiga wamesimama, wamekaa, bibi harusi na dhahabu zake, marafiki wawili waliovaa sare. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi wa kukata na kuunga picha hata mtu akaonekana amechipuka ndani ya ua. Aliyepigwa alichukua karatasi yake, mpigaji akabaki na filamu. Nakala zilikuwa chache, na kila mtu alijua ziko wapi.

Mama aliolewa mwaka 1961, na picha zake nyingi zilikuwa za harusi ile. Alipofariki mwaka 2018 nilikabidhiwa mkoba kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Miongoni mwa zile picha, nne zilikuwa zimefungwa mbali katika kitambaa cheupe. Hizo ni za siku ya kupamba, mama kichwa wazi, nywele zimesukwa asumini, hina hadi kwenye viwiko. Alituusia kwamba zisionwe na mwanamume asiye maharimu yake. Mimi ni mwanawe, ningeweza kuzitazama. Lakini hata mimi nilizitazama kwa haya.

Picha nyingine moja haikuwa ya harusi. Ilimwonyesha mama akiwa msichana, amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Kibokoni na mdogo wake wa kike. Huyo mama mdogo alifariki kabla mimi sijazaliwa. Hatukuwa na picha yake nyingine duniani.

Maji yalipopungua, nilikuta mkoba umevimba kama mkate uliotiwa hamira. Hapo nikafanya kosa la kwanza, ambalo namwambia msomaji ili asilirudie. Nilizitoa picha zikiwa zimeshikana kama karata, nikazianika juani zikiwa fungu moja. Karatasi ya picha ina tabaka jembamba la gelatini, ambayo ni gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Ikilowa huvimba na kulainika. Ikikauka hushika chochote kilicho juu yake. Zilipokauka zikawa ubao mmoja, na nilipojaribu kuzibandua, nyuso ziling'oka. Baadaye nilielezwa kwamba picha zilizolowa hazifai kuachwa zikauke hali zimegandana. Hutakiwa kutenganishwa polepole ndani ya maji safi ya baridi, kisha zikalazwa moja moja, uso juu, kivulini. Kama hakuna wasaa, hutiwa katika friza zigande, mpaka mtu apate nafasi ya kuzishughulikia.

Nilihuzunika, lakini sikulia. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2019 binti yangu alikuja kula Idd, akazipiga picha zote sitini na nne kwa simu yangu, moja baada ya moja, hata zile nne za kitambaani, akaniambia, "Baba, sasa hizi ziko kwenye wingu. Hata nyumba iungue, hazipotei." Basi nikajisemea, karatasi imekwenda, sura ipo. Nikaendelea kuchota tope ndani ya nyumba, na siku zikapita, wala sikufungua simu kutazama.

Ijumaa ya tarehe 17 Mei, baada ya sala, ndipo nilipofungua. Picha za mpunga zilikuwapo, na za magari, na za wajukuu. Za mama hapana hata moja.

Wingu si wingu

Kabla sijaeleza yaliyonipata, hebu tuulize kwanza hilo wingu ni kitu gani. Jina lenyewe limetupumbaza wengi, tukadhani picha zinaelea hewani kama moshi wa udi. Sivyo. Wingu ni majumba makubwa duniani, yaliyojaa kompyuta zisizolala, yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Majumba hayo huitwa vituo vya data. Kampuni kubwa kama Google, Apple na Microsoft zina majumba yao, au hukodi ya wengine, katika nchi mbalimbali.

Mtu akipiga picha Ahero, na simu yake ikiwa imeruhusiwa kuipandisha, picha hugeuzwa kuwa tarakimu, ikasafiri hadi kwenye mnara wa simu, ikapita kwenye nyaya, na safari ya nje ya nchi aghalabu hupitia chini ya bahari. Nyaya za kwanza za namna hiyo, Seacom na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa hiyo picha ya mpunga wa Ahero huenda ikapita chini ya maji yaleyale waliyopita manahodha wa majahazi.

Huko iendako haiwekwi mahali pamoja. Hugawanywa vipande, na vipande hivyo, pamoja na nakala au vipande vya ziada vya kuzibia pengo, huwekwa katika mashine mbalimbali, na mara nyingi katika majumba mbalimbali. Mashine moja ikifa, na kila siku hufa nyingi, nyingine huziba nafasi yake na mwenye picha hajui kitu. Kwa ajali ya namna hii, wingu lina usalama mkubwa kuliko kasha la mama. Mafuriko ya Nyando hayalifikii.

Lakini mashine hizo zinamlinda mtu na kufa kwa mashine. Hazimlindi na mkono wake mwenyewe. Mwenye akaunti akisema "futa", mashine hutii, na hufuta kila mahali. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Tunadhani simu ni nyumba moja na wingu ni nyumba nyingine, ukitupa kitu huku kinabaki kule. Kumbe kwa huduma nyingi za picha, simu na wingu ni kama mtu na kioo. Ukivua kofia, na aliye kiooni amevua.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mwezi wa Machi simu yangu ilijaa, ikawa haipokei hata ujumbe. Mpwa wangu, kijana mwenye adabu na nia njema, aliniambia, "Mjomba, picha hizi za zamani ziko kwenye wingu, ngoja nizitoe hapa upate nafasi." Akafuta ishirini na tatu Jumapili ya tarehe 3 Machi. Ramadhani ikaingia, simu ikajaa tena kwa salamu na mawaidha, naye Jumapili ya tarehe 24 akafuta zilizobaki, arubaini na moja. Angebonyeza amri nyingine, ile ya kupunguza mzigo wa simu peke yake, picha zingebaki zilikohifadhiwa. Yeye alibonyeza amri ya kufuta. Amri hizo mbili ziko jirani, na tofauti yake ni kama tofauti ya kuhamisha mtu chumba na kumzika.

Eda ya picha

Fundi wa pale sokoni ni kijana wa Kijaluo ambaye umri wake ni wa kuwa mwanangu. Nilipomweleza, hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, "Mzee, zilifutwa lini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Tuombe haijapita miezi miwili."

Kisha akanifunulia jambo ambalo kila mwenye simu yapasa alijue. Picha ikifutwa, haiangamii saa ileile. Hutiwa alama, ikaondolewa machoni, ikawekwa katika pipa la takataka. Humo hukaa kwa muda uliopangwa. Kwa huduma ya Google, picha iliyokwisha kupandishwa wingu hukaa pipani siku 60, na ile ambayo haijapandishwa siku 30. Kwa Apple ni siku 30, na wao wenyewe husema zaweza kufika 40. Ndani ya muda huo mwenyewe anaweza kuirudisha mahali pake, na tarehe yake na yote. Muda ukiisha, huondolewa pasipo mtu kuulizwa.

Nilipoelezwa hivyo, niliona ni jambo tulijualo sisi zamani kwa jina jingine. Ni mfano wa talaka rejea. Mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili, mke huingia edani, na maadamu eda haijaisha, mume anaweza kumrejea bila ya ndoa mpya. Eda ikiisha, mlango umefungwa. Na ile amri ya "futa kabisa" iliyomo ndani ya pipa, hiyo ni kama talaka tatu. Akiitamka mtu kwa hasira au kwa haraka, asitegemee kurejea.

Basi kijana akanyoosha mkono apokee simu anifungulie pipa. Hapo nikasita. Nilikumbuka zile nne za kitambaa cheupe. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba humo mna picha za mama yangu ambazo si za kuonwa na watu. Kijana akanitazama kidogo, kisha akageuza kiti chake, akatazama barabara. "Wewe bonyeza, Mzee," akasema, "mimi nitakuambia pa kubonyeza." Akawa ananielekeza kwa mdomo, uso wake umeelekea kwenye mabasi ya Kisii, nami natafuta kwa kidole kinachotetemeka.

Pipa lilifunguka, na humo mlikuwa na picha arubaini na moja. Siku hiyo ilikuwa ni ya hamsini na nne tangu mpwa wangu azifute. Zilibaki siku sita. Mama alikuwapo na dhahabu zake, na zile nne za kupamba zilikuwapo. Nilibonyeza "rudisha", zikaanza kurudi kwa mwendo wa konokono, kwani siku tano kabla ya hapo, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa inasota. Nilikaa kwenye benchi hadi alasiri. Alhamdulillahi, zilirudi zote arubaini na moja.

Zile ishirini na tatu za mwanzo hazikuwamo. Siku yao ya sitini ilikuwa tarehe 2 Mei. Maji yaliingia kwangu kabla ya siku hiyo. Laiti ningeitazama simu asubuhi ya mafuriko, badala ya kujipa moyo kwa neno la wingu, ningezikuta zote pipani zikinisubiri. Picha ya mama na mdogo wake kwenye ngazi ilikuwa miongoni mwa zile ishirini na tatu.

Je, kilichofutwa kimekufa?

Nilimuuliza kijana, "Hiyo kampuni haiwezi kuzitafuta? Si umesema kila kitu kina nakala?" Jibu lake lilinifundisha upande wa pili wa jambo hili.

Muda wa pipa ukiisha, kampuni huondoa anwani ya picha katika daftari lake, kisha vipande vyenyewe husafishwa kadiri mashine zinavyohitaji nafasi. Google imetangaza kwamba kazi ya kufuta kabisa huchukua kama miezi miwili, na kwamba mabaki yaweza kukaa katika nakala zao za akiba, zilizofungwa kwa maandishi ya siri, hadi miezi sita. Lakini nakala hizo ni za kuokolea mitambo ikiharibika. Hazikuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyejuta. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo picha yako haijafa kabisa, nawe huwezi kuipata.

Jambo hili lina sura mbili. Mimi niliyetaka kurudishiwa niliona kipindi hicho ni kifupi mno. Lakini mfikirie mwanamke aliyefuta picha kwa kuwa hataki ionwe. Yeye ataona kipindi hicho ni kirefu mno. Mwezi uleule wa Mei 2024, baadhi ya wenye simu za Apple waliona picha walizozifuta miaka iliyopita zikitokeza tena. Kampuni ikaeleza kwamba daftari la picha katika simu lilikuwa na hitilafu, ikatoa marekebisho tarehe 20 Mei. Watu wengi walijifunza siku hiyo kwamba kuondoa jina daftarini si lazima iwe kuondoa kitu chenyewe.

Hali kadhalika ile kadi ndogo ya kumbukumbu itiwayo ndani ya simu au kamera. Picha ikifutwa humo, nafasi yake huandikwa kwamba iko wazi, lakini picha yenyewe hubaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana fundi mwenye programu ya kazi hiyo aweza kuitoa, ikiwa mwenyewe ameacha kuitumia kadi mara moja. Na ndiyo maana mtu hafai kuuza au kugawa kadi yenye picha za nyumbani kwake kwa kudhani amekwisha kuzifuta. Katika simu za siku hizi kuzirudisha ni kugumu zaidi, kwa kuwa kumbukumbu yao hufungwa kwa maandishi ya siri.

Stara na amana

Nimesema kwamba nilisita kumpa kijana wa watu simu yangu. Usiku ule sikulala, nikijiuliza: mimi niliyeona haya mbele ya kijana mmoja aliyegeuza uso wake, si ndiye niliyezipeleka picha zilezile katika majumba ya watu nisiowajua? Kampuni nyingi hufunga picha kwa maandishi ya siri zikiwa safarini na zikiwa ghalani, lakini aghalabu ufunguo wanao wao. Mashine zao huzipitia, zikatambua nyuso, zikakupangia wanao hapa na mkweo pale. Ni amana tumeiweka, na mweka amana yampasa ajue masharti ya aliyempa.

Siku hizi katika shughuli nyingi za kupamba, akina mama huzuia simu mlangoni. Wengine huwaona washamba. Mimi nasema wana haki, na sababu yake ni hii: simu nyingi zimeachwa zipandishe picha zenyewe. Bibi harusi hupigwa saa nne usiku, na kabla hajateremka jukwaani picha yake imekwisha fika ng'ambo. Ikitumwa katika kundi la WhatsApp la watu hamsini, imekuwa nakala hamsini, na kila moja yaweza kupandishwa katika akaunti ya mwenyewe. Aliyetuma akifuta yake, za wenzake zinabaki.

Sheria haikunyamaza. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuona habari zake zinazoshikwa na wengine na kudai zifutwe pale zisipostahili kushikwa, na iko afisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Septemba 2023 afisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Anayedhani picha ya mtu ni mali ya mwenye kamera, na azingatie hesabu hiyo.

Ufunguo wa marehemu

Turudi kwenye zile ishirini na tatu. Nilikumbuka kwamba marehemu kaka yangu, aliyefariki Mombasa mwishoni mwa mwaka 2022, naye alipiga kwa simu baadhi ya picha za mkoba siku za matanga ya mama. Je, zilikuwapo? Neno lake la siri alikwenda nalo kaburini.

Hapa pana hatari wengi wasiyoijua. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na ilianza kazi hiyo Desemba mwaka huo. Yaani mtu akifa na ufunguo wake, picha zake nazo zina ajali yao. Nafasi nayo si ya bure daima. Google hutoa gigabaiti 15 bila ya malipo, na tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa humo. Apple hutoa gigabaiti 5. Picha ya kawaida ikiwa ya megabaiti tatu, gigabaiti 15 ni picha elfu tano hivi, na barua za akaunti hiyo zimo katika hesabu hiyohiyo. Na kampuni nazo hufa au hukosea. Mwaka 2019 MySpace, iliyokuwa maarufu mno, ilikiri kwamba katika kuhamisha mashine zake ilipoteza picha na nyimbo za watu za miaka mingi.

Shemeji yangu, Mungu amlipe, hakuwa ameifunga simu ya mumewe. Aliiweka sandukuni na kuichaji mara moja moja apate kusikia sauti yake katika ujumbe wa zamani. Tulipoifungua, akaunti ilikuwa hai, kwa kuwa yeye alikuwa akiitumia. Tukapata picha kumi na moja kati ya ishirini na tatu. Ile ya ngazi haikuwamo.

Wasia wetu huandikwa kwa nyumba, mnazi na deni. Nadhani wakati umefika tuandike na hili. Tangu mwaka 2013 Google humruhusu mtu kutaja atakayekabidhiwa vitu vyake akaunti ikinyamaza, na Apple nayo imeruhusu kumtaja mrithi wa akaunti tangu Desemba 2021. Ni kazi ya dakika kumi. Mtaje mtu wa nyumbani kwako unayemwamini, na kama mna picha za stara, mwambie zipi zisionwe na nani.

Mfano wa majirani

Majirani zangu wa ziwani wanaujua mkasa wa picha kuishi ugenini. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kiingereza, Evans-Pritchard, alipita katika nchi ya Wajaluo akiwapiga picha. Picha zile zikaenda kukaa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, mjini Oxford. Mwaka 2007 ndipo nakala zake zilipoletwa katika maonyesho sehemu za Siaya, kwa jina la Paro Manene, na watu wakawatafuta wazee wao ndani yake. Miaka sabini na moja zilikuwa salama mbali, na wenyewe hawanazo. Picha iliyo salama pasipofikika na wenyewe haijawafaa kitu.

Mimi nimejifunza hesabu ya nakala tatu. Moja simuni na winguni, ambazo nazihesabu kuwa moja, kwa kuwa kioo si sanduku. Ya pili katika diski ndogo isiyounganishwa na chochote, ambayo binti yangu anayo Mombasa, kilomita mamia kutoka Nyando. Ya tatu karatasi. Nilikwenda Kisumu nikachapisha picha hamsini na mbili, isipokuwa zile nne. Hizo binti yangu alizichapisha mwenyewe nyumbani kwake, akazifunga katika kitambaa cheupe, na winguni tukaziondoa, pipani tukaziondoa.

Mpwa wangu sikumgombeza. Nilimketisha nikamwonyesha zile amri mbili zilizo jirani, akanionyesha nami mengine nisiyoyajua, na kila mwanzo wa mwezi tunafungua pipa pamoja kabla hatujafuta kitu.

Picha ya mama ya harusi nimeitundika sebuleni, juu ya ile alama ya tope iliyoachwa ukutani na maji ya mwaka 2024. Kando yake nimeacha msumari mtupu. Huenda katika nyumba moja Kibokoni au Kuze, au Unguja, au Maskati, mna mkoba wa bibi wenye picha ya wasichana wawili wamekaa ngazini, kwani zamani jamaa walikuwa wakigawiana. Msomaji, fungua mkoba wa nyumbani kwako utazame. Na ukisha kutazama, fungua na simu yako.